Safari ya Kolo na Jokofu Lililogoma

Wengi wenu mmekwisha kupita barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Babati. Lakini labda mlipita ndani ya basi, mkasinzia, mkaamka mmekwisha fika. Leo nataka kuwachukueni polepole, mchana kweupe, mpaka Kolo katika nchi ya Warangi, mkaone picha za kale zilizochorwa miambani. Tena nataka kuwasimulieni habari ya jokofu moja la motokaa lililotusumbua njiani. Habari hiyo ilinifundisha jambo nisilolijua, ingawa nilisoma chuo cha ualimu, na kabla ya kuwa karani wa parokia nilifundisha sayansi darasa la sita kwa miaka mitatu.

Mwezi wa Oktoba mwaka jana, kabla mvua hazijaanza, walifika parokiani kwetu Dodoma wageni wawili kutoka Ujerumani, mzee mmoja na mkewe. Bwana yule aliwahi kufundisha katika nchi yetu zamani za ujana wake, na Kiswahili chake hakijamtoka. Walikuwa wamekodi motokaa ya kusafiria, yenye hema juu ya paa, jiko la gesi, tangi la maji, na nyuma yake jokofu dogo linalotumia umeme wa betri. Walikuwa wametoka Iringa, wakalala kambini karibu na bwawa la Mtera, na sasa walitaka kwenda Kolo, kisha Babati, kisha Arusha. Baba Paroko akaniambia, "Karani, wewe wajua njia. Wasindikize mpaka Kolo, kisha urudi na basi." Nikafurahi sana, maana nilikuwa sijatoka ofisini tangu Pasaka.

Jioni ile Bwana akanieleza shida yake. Jokofu lile hufanya kazi vizuri motokaa inapotembea. Tena hufanya kazi vizuri likichomekwa katika umeme wa nyumbani. Lakini motokaa ikizimwa, likategemea betri peke yake, halikai hata nusu saa. Taa yake ndogo hupepesa, kisha hunyamaza. Kule Mtera lilinyamaza usiku kucha. Maziwa yakaharibika, nyama wakawapa mbwa. Hayo si kitu. Lakini ndani yake mlikuwamo dawa ya Mama. Mama yule ana ugonjwa wa kisukari, na kila siku hujichoma sindano ya insulini. Alikuwa na kalamu tano mpya za dawa, mbali na ile aliyokuwa akiitumia.

Basi mimi, kwa kuwa niliitwa mtu aliyesoma, nikatoa shauri upesi upesi. Nikasema, "Bwana, betri imekufa. Tununue nyingine." Sikupima kitu, sikuuliza kitu. Asubuhi yake tulikwenda mjini, Bwana akatoa fedha zaidi ya laki tatu, tukafungiwa betri mpya, nayo ile ya zamani ikabaki dukani. Tukawasha motokaa, jokofu likavuma vizuri. Nikajiona nimefanya kazi ya maana. Kumbe nilikuwa nimelijaribu wakati mashine ya motokaa inanguruma, yaani wakati ule ule ambao jokofu halikuwa na shida tangu mwanzo!

Kosa la pili lilitokea usiku uliofuata, na hilo ni kubwa zaidi. Mama, kwa kuogopa joto la Mtera, alikuwa amezungusha kitufe cha jokofu mpaka mwisho wa baridi. Kisha tukalichomeka katika umeme wa nyumba ya wageni. Usiku kucha umeme ulikuwapo, na jokofu likafanya kazi yake barabara. Asubuhi Mama alipofungua, kalamu tatu zilizokuwa chini kabisa zilikuwa zimeganda kama mawe. Lo! Insulini haipendi joto, lakini kuganda ni mauti yake kabisa. Hata ikiyeyuka tena na kuonekana safi, haifai kutumiwa. Nguvu yake haiaminiki. Zikatupwa tatu, zikabaki mbili. Tukazunguka maduka ya dawa mjini, hawakuwa na aina ile aliyoandikiwa na daktari wake. Mama hakulia wala hakumlaumu mtu. Alizifunga zile mbili kwa kitambaa, akasema twende, Arusha atapata nyingine.

Tukaondoka. Barabara ya Dodoma mpaka Babati sasa ni ya lami yote, tangu mwaka 2018; zamani ilikuwa vumbi na matope, na mvua ikinyesha safari ya siku moja ilikuwa siku tatu. Njia hii ni sehemu ya ile barabara kuu iliyotazamiwa kuunganisha kusini mwa Afrika na Misri. Kwanza mnapita nchi ya Wagogo, tambarare kavu, mibuyu imesimama peke yake kama wazee wasiosemezana. Kisha nchi inaanza kuinuka. Upande wa magharibi, mbali na barabara, ndiko wanakokaa Wasandawe, watu wenye lugha ya midoko, ambayo mgeni hawezi kuiga hata akijaribu mwezi mzima.

Mji wa Kondoa uko yapata kilometa 160 kutoka Dodoma. Hapa pana chemchemi ya maji iliyowanywesha watu tangu zamani, na misafara ya zamani ilipenda kupumzika hapa. Mwaka 1916, katika vita kuu ya kwanza, majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana vikali kwa ajili ya mji huu. Bwana alisimama kimya kidogo aliposikia hayo, akasema babu yake alipigana vita ile ile, lakini Ulaya.

Tukiwa bado njiani, tazameni makorongo mekundu ya Kondoa. Nchi hii iliumizwa na mmomonyoko mpaka ardhi ikapasuka kama kidonda. Mwaka 1973 serikali ilianzisha kazi ya kuhifadhi ardhi, iliyoitwa HADO, na mwaka 1979 mifugo ikatolewa katika sehemu zilizoharibika zaidi. Lilikuwa jambo chungu kwa wenye ng'ombe. Lakini nyasi zilirudi, miti ikarudi, na leo mwapita mkiona kijani mahali ambapo wazee wanawaambia palikuwa mifupa ya nchi.

Kolo iko yapata kilometa 25 kaskazini ya mji wa Kondoa. Hapo mtaingia kwanza ofisi ya mambo ya kale, mlipe kiingilio, mpewe mtu wa kuwaongoza. Haifai kwenda peke yenu. Kisha mnaacha lami na kupanda vilima kwa njia ya mawe. Mwisho mnapanda kwa miguu. Mama alipanda polepole akishika fimbo, akala biskuti mbili njiani ili sukari isishuke mno.

Mwamba mkubwa unaoitwa Mongomi wa Kolo una picha nyingi nyekundu: twiga, ndovu, pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, kama wamevaa nywele za nyasi. Mwaka 1951 Mary Leakey alifika na kuzinakili picha nyingi za nchi hii kwa mkono wake, na mwaka 2006 zikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Eneo lote ni kilometa za mraba 2,336, na mapango yenye picha yanakisiwa kuwa kati ya 150 na 450. Hata leo wenyeji hufika pale kwa matambiko yao, kwa hiyo mgeni hukaa kwa adabu, hagusi mwamba wala hamwagii maji picha ili zing'ae. Zimekaa miaka mingi mno kwa sababu mwamba umezifunika jua na mvua. Tukakaa pale mpaka jua likainama.

Jioni tukarudi kambini, motokaa ikazimwa. Tulikuwa hatujamaliza kupiga hema wakati Bwana alipoita, "Bwana Karani, njoo uone." Taa ya jokofu ilikuwa ikipepesa. Betri mpya, ya siku moja! Moyo wangu ukaanguka. Pale kambini hapakuwa na umeme wa kuchomeka. Tungeweza kuwasha mashine usiku kucha, lakini dizeli ilikuwa kidogo. Mama akazitoa kalamu zake mbili, akazishika mkononi, asijue pa kuziweka.

Karibu na kambi alikuwapo bibi mmoja mwuza mayai. Alipoona tunahangaika akauliza, nami nikamweleza. Akasema, "Wajukuu zangu, kwani hamna mtungi?" Akaenda kwake, akarudi na mitungi miwili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, mtoto wake nyuma na ndoo ya mchanga. Mdogo ukatiwa ndani ya mkubwa, mchanga ukajazwa katikati, ukamwagiwa maji mpaka ukalowa, na juu pakafunikwa kitambaa chenye maji. Kalamu tukazitia ndani ya chupa kavu yenye mfuniko, ili maji yasiziguse, tukaiweka katika mtungi mdogo, kivulini, mahali pa upepo. Hapo nikakumbuka somo nililofundisha mwenyewe: maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto kutoka chombo. Nilikuwa nimeliandika ubaoni mara tatu kwa miaka mitatu, lakini bibi yule ndiye aliyelitumia. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, umetuokoa." Akajibu, "Marahaba. Ila kesho mnirudishie mitungi yangu." Kesho yake mchana, kivulini, kipimajoto cha Mama kilionyesha nyuzi 31 nje ya mtungi, na nyuzi 23 ndani. Si baridi ya jokofu, ambayo kwa dawa ile ni nyuzi 2 mpaka 8. Lakini karatasi ya dawa yake ilisema kwamba kwa wiki kadhaa yaweza kukaa nje ya jokofu, mradi joto lisipite nyuzi 30. Kila dawa ina karatasi yake. Isomeni hiyo, na mwulizeni daktari.

Usiku ule, kwa mwanga wa taa ya mkononi, Bwana akatoa kitabu cha maelezo ya jokofu, tukakisoma pamoja. Tungalikisoma kwanza, tungaliokoa laki tatu! Kilisema kwamba ndani ya jokofu mna mlinzi wa betri. Mlinzi huyu hutazama nguvu ya umeme unaofika. Ikishuka chini ya kiasi alichowekewa, hulizima jokofu ili betri isikauke na motokaa ishindwe kuwaka asubuhi. Taa ikipepesa vile, maana yake mlinzi ameona umeme mdogo. Lakini betri yetu ilikuwa mpya. Umeme ulikuwa ukipotelea wapi?

Asubuhi, baada ya chai, tukafunga vitu vyote na mtungi tukaushika magotini, tukarudi Kondoa kutafuta fundi. Tulielekezwa kwa kijana mmoja mwenye kibanda karibu na stendi. Alitusalimu kwa heshima, "Shikamoo wazee," akasikiliza habari yote bila kutukatiza, kisha akatoa kipima umeme chake. Hakugusa betri kwanza kwa maneno, aliipima. Motokaa ikiwa imezimwa, betri ilisoma volti 12.5. Akasema, "Hii ni nzima." Akapima nyuma, mahali jokofu linapochomekwa, jokofu likiwa kimya: volti 12.4. Nikasema, "Basi na hapo ni pazima." Akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, subiri lianze kuvuta." Akawasha jokofu. Kompresa ilipoanza kuzunguka, sindano ya kipimo ikaanguka mpaka 10.6, taa ikapepesa, likazima.

Hapo nikaelewa. Waya uliotoka mbele kwenda nyuma ulikuwa mwembamba, wa kuwashia taa tu, tena mrefu, na jokofu lilichomekwa katika tundu la kuwashia sigara, ambalo vyuma vyake vilikuwa vimelegea na kushika kutu. Tuliposhika plagi tukaona ni ya moto. Wakati hakuna kazi, umeme hupita bila taabu. Ukitakiwa mwingi, njia nyembamba hula sehemu yake na kuigeuza joto. Ni kama ndoo ya maji kisimani inayopitia mikononi mwa watoto wengi: kila mmoja humwaga kidogo, na mwisho mama hupata nusu. Motokaa inapotembea, mashine hutoa volti 14 na kitu. Ikipoteza karibu mbili njiani, bado hubaki 12 na ushee, jokofu hutosheka. Ikizimwa, betri hutoa 12.5, ondoa karibu mbili, mlinzi hulizima. Ndiyo sababu lilifanya kazi safarini na nyumbani, likagoma kambini. Tena aliyelifunga alikuwa amemweka mlinzi katika kipimo cha juu kabisa.

Kijana akavuta waya mpya mnene wa milimita za mraba 6, kutoka betri moja kwa moja mpaka nyuma, chanya na hasi zote mbili. Karibu na betri akaweka fyuzi ya ampia 15, ili waya ukichunika njiani usiwashe moto. Lile tundu la sigara akaliacha, akaweka kiungio kinachokaza vizuri. Akapima tena jokofu likivuma: betrini 12.4, jokofuni 12.2. Tukakaa chini ya mti saa nzima motokaa imezimwa, na jokofu likaendelea kuvuma na kupumzika, kuvuma na kupumzika. Gharama yote haikufika hata robo ya bei ya betri. Mama akaweka kitufe katikati, akatia kipimajoto ndani, na kalamu zake mbili akaziweka juu, mbali na ukuta wa jokofu. Hakuziacha mpaka kipimo kiliposoma nyuzi 5.

Nikamwomba Bwana radhi kwa ajili ya betri. Akasema, "Bwana Karani, hata mimi nilikubali. Tulikuwa wazee wawili tuliosoma, tukaogopa kumwuliza kijana." Mitungi tukampa dereva wa basi aiteremshe Kolo kwa bibi, pamoja na kanga mpya aliyoichagua Mama mwenyewe. Wageni wakaenda zao Babati, nami nikapanda basi la Dodoma. Baada ya siku nne Mama aliniletea habari kwa simu: wamefika Arusha, amepata dawa nyingine, na kati ya zile mbili moja ilikuwa bado haijafunguliwa.

Sasa, msomaji mpenzi, labda wewe huna motokaa ya kulala njiani. Lakini labda una sola nyumbani, na betri, na friji ndogo ya soda dukani. Sheria ni ile ile. Basi shika haya.

Kwanza, usinunue kitu kabla ya kupima. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi, ikiwa 12.2 imebaki nusu. Ikifika chini ya 11.9 imekwisha.

Pili, pima chombo kinapofanya kazi, si kinapolala. Pima betrini, kisha pima mahali chombo kilipo. Tofauti ikizidi nusu volti, waya au viungio vina kasoro. Gusa viungio: penye joto ndipo penye wizi.

Tatu, ujue jokofu lako ni la aina gani. Wazee watakumbuka majokofu ya misheni yaliyotumia mafuta ya taa, yenye mwali mdogo chini. Jinsi ile ilibuniwa Sweden mwaka 1922 na wanafunzi wawili, von Platen na Munters, na ndugu zake wangaliko katika motokaa za kambi, wakitumia gesi. Hawana kompresa, hawavumi, nao hutaka kusimama sawasawa pasipo mwinamo. Wakitiwa umeme wa betri hula ampia 10 au zaidi bila kupumzika. Betri haitamaliza usiku. Hao uwape betri wakati wa mwendo tu, na ukisimama uwashe gesi, mahali penye hewa.

Nne, kama motokaa ina betri ya pili kwa ajili ya kambi, hakikisha kwamba kweli inajazwa. Washa mashine, uipime: isipopanda kupita volti 13.5 hivi, kiunganishi kati ya betri mbili hakifanyi kazi.

Tano, usizungushe kitufe cha baridi kwa hofu. Kama umeme haufiki, kitufe hakiuleti; na ukifika, utagandisha usichotaka kigande. Weka kipimajoto ndani, kigharimu kitakavyogharimu.

Na mwisho, uwe na mtungi. Mimi nimenunua miwili, iko nyuma ya mlango wa ofisi ya parokia, na anayetaka kujifunza kuitengeneza aje siku yoyote ya kazi. Ukipita Kolo, panda ukaone picha za wazee wa kale, na ununue mayai kwa bibi. Mweleze kwamba karani wa Dodoma anamwamkia.